Birika, Kioo na Dimbwi: Historia ya Kufuga Samaki wa Maji Baridi na Funzo la Bonde la Kilombero

Mtu akaaye kando ya mto mkubwa haoni haja ya kufuga samaki. Katika Bonde la Kilombero, ambako masika hupandisha maji juu ya kingo na kuyatandaza katika nyika, samaki huja wenyewe mpaka karibu na makazi ya watu. Mvuvi wa Kindamba huwapokea kwa mgono, kwa wavu na kwa ndoana. Akishawapata, chombo anachowatafutia ni chungu au ukaango. Hata hivyo, pembezoni mwa Ifakara yako madimbwi ambamo huishi samaki wasiopita urefu wa kidole. Hao hawatafutwi na mvuvi wala hawapimwi sokoni. Lakini ndio waliolichukua jina la Ifakara na kulipeleka katika vyumba vya watu wa Ulaya na Marekani, likaandikwa juu ya tangi la kioo. Namna jambo hilo lilivyotokea ni kipande cha historia ndefu zaidi, nayo ni historia ya binadamu kujaribu kuyatunza maji yenye uhai ndani ya chombo. Yafaa historia hiyo ifuatwe kwa vyombo vitatu: birika, kioo na dimbwi.

Chombo cha kwanza ni birika. Wengi hudhani kwamba kuweka samaki nyumbani ni desturi iliyoletwa Afrika ya Mashariki na wageni pamoja na vioo vyao. Dhana hiyo si sahihi. Katika majumba ya mawe ya Lamu, na katika misikiti ya mji huo, maji ya kutawadhia na kuogea yaliwekwa katika birika lililojengwa kwa mawe na chokaa. Maji yaliyosimama huzaa mbu, na wenyeji walilijua hilo kwa maudhi ya usiku kabla hapajatokea mtaalamu yeyote wa kulihusisha na homa. Kwa hiyo walitia samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi. Zaidi ya hayo, mafundi walizika bakuli za kaure za Kichina katika sakafu ya birika. Maji yalipopungua au yalipotolewa, bakuli zilibaki zimejaa, na samaki wakapata pa kujihifadhi mpaka birika lijazwe tena.

Bakuli hizo zastahili kufikiriwa. Mtu aliyeziweka hakuwaza siku ya neema peke yake. Aliwaza pia siku ya ukame, akamwekea kiumbe mdogo akiba yake. Kisha samaki wa birika hakuwa pambo. Alikuwa na kazi, na kwa kazi hiyo alipata makao. Tena maji ya birika yalitumika kila siku na kuongezwa kila siku, hivyo uchafu haukupata nafasi ya kuzidi. Wenye birika hawakuandika kitabu cha ufugaji, lakini kanuni tatu zilizo kubwa katika ufugaji wote wa samaki zilikuwamo katika desturi yao: samaki wawe wachache, chakula kisizidi, na maji yabadilishwe mara kwa mara.

Wachina, ambao kaure zao zilifika Lamu kwa majahazi, walikuwa na desturi yao wenyewe. Tangu enzi ya Song, iliyodumu kutoka mwaka 960 hadi 1279, walifuga samaki wekundu na wa rangi ya dhahabu katika mabwawa ya bustani, na baadaye katika mitungi na mabakuli ndani ya nyumba. Hapo samaki alitakiwa kwa uzuri wake, na wafugaji walichagua wazazi kwa rangi na umbo. Basi katika Bahari ya Hindi palikuwa na mielekeo miwili: samaki mtumishi na samaki pambo. Mielekeo yote miwili ilimtazama samaki kutoka juu, kwa maana chombo kilikuwa cha mawe au cha udongo.

Chombo cha pili, kioo, kiligeuza jicho la mtazamaji. Mwaka 1832 mwanamke Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, aliyekaa Messina katika kisiwa cha Sicily, alitengeneza masanduku ya kioo ili apate kuwachunguza viumbe wa bahari wakiwa hai. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza, Robert Warington, aliwaeleza wakemia wenzake wa London jaribio lake. Alikuwa ametia katika chombo kimoja samaki wawili wa dhahabu, majani ya majini na konokono. Majani yalitoa oksijeni, konokono wakala majani yaliyooza, na samaki wakaishi pasipo maji kubadilishwa kila mara. Mwaka 1853 Bustani ya Wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilichoeneza neno akwaria katika lugha za Ulaya. Na mwaka 1856 Mjerumani Emil Adolf Rossmässler akaandika makala yenye jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa “Ziwa ndani ya Kioo”. Makala hayo yaliwatia Wajerumani wengi hamu ya kufuga samaki wa maji baridi.

Hamu hiyo ilipanda upesi, na katika miaka ya 1860 ikapoa upesi vilevile. Watu walinunua vioo, wakatia samaki, na samaki wakafa. Maelezo ya Warington yalikuwa ya kweli, lakini hayakuwa ya kweli yote. Aliona hewa, hakuona sumu. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake na kwa mkojo wake, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia vilevile. Katika mto sumu hiyo huchukuliwa na maji mengi. Katika kioo hubaki pale pale. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1890, wakati Mrusi Sergei Winogradsky, akifanya kazi Zürich, alipothibitisha kwamba wako bakteria wanaoishi kwa kuigeuza amonia. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina ukali huo na hupendwa na mimea. Kumbe aliyeyafanya maji ya kioo yawe hai si samaki, wala si majani peke yake. Alikuwa ni mfanyakazi asiyeonekana, akaaye juu ya changarawe, juu ya kioo na ndani ya sifongo ya chujio.

Kutokana na elimu hiyo ndipo zilipotoka taratibu ambazo mfugaji wa leo hana budi kuzifuata. Tangi kubwa huwa jepesi kutunza kuliko dogo, maana katika maji mengi kosa hukawia kuleta madhara. Kwa mwanafunzi, lita 40 hadi 60 ni kiasi cha kuanzia. Bakuli la mviringo, ijapokuwa lapendeza machoni, ni jela kwa samaki. Changarawe ioshwe kwa maji matupu, wala sabuni isiguse chombo chochote. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaachwe wazi siku nzima au yatiwe dawa ya kuiondoa, kwa kuwa klorini huua bakteria kama inavyochoma matamvua. Kisha tangi lenye maji, mimea na chujio liachwe likomae. Kwa kawaida wiki 4 hadi 6 hupita kabla bakteria hawajawa wengi wa kutosha, na mwenye haraka huyalipa majuma hayo kwa maisha ya samaki wake. Baadaye samaki waingizwe wachache wachache. Wapewe chakula wanachoweza kukimaliza kwa dakika chache. Kila juma robo ya maji ibadilishwe, na sifongo ioshwe katika maji yaliyotolewa tangini, si chini ya bomba.

Katika nchi ya joto kama Ifakara mambo mawili hubadilika. Kwanza, mfugaji wa Ulaya hununua chombo cha kupasha maji moto, lakini wa Ifakara huhitaji kuyakinga maji yake yasipate jua kali. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo, na amonia huzidi ukali joto linapopanda. Pili, umeme ukikatika chujio husimama, na bakteria huanza kukosa hewa. Dawa ya mashaka yote mawili ni ile ya wenye birika: samaki wawe wachache kuliko tangi linavyoonekana kuweza.

Chombo cha tatu hakikutengenezwa na mtu, nacho ni dimbwi. Mto Kilombero hukusanya maji ya Ruhudji, Mnyera, Mpanga na mito mingi ishukayo kutoka milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge. Huyapitisha katika bonde pana, kisha hukutana na Luwegu na kuuzaa Rufiji. Mwaka 2002 uwanda wake wa mafuriko, wenye eneo la karibu kilomita za mraba 8,000, uliandikwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Kila masika maji huenea, na kila kiangazi hurudi. Yanaporudi huacha madimbwi, na madimbwi hukauka mpaka matope yapasuke. Kambale, awezaye kuvuta hewa ya juu, hustahimili mpaka karibu na mwisho. Perege hurudi mtoni akiwahi. Wale samaki wadogo hawana njia wala pumzi ya namna hiyo. Wote hufa.

Lakini mvua ikinyesha tena, baada ya majuma machache dimbwi lina samaki. Watu wa nchi nyingi walipoona jambo la namna hii walisema kwamba samaki wameshuka na mvua, na hawakuwa wajinga kwa kusema hivyo, maana jana yake palikuwa na vumbi. Ukweli ni wa ajabu kuliko dhana hiyo. Kabla ya kufa samaki hao hutaga mayai matopeni, moja moja. Yai husubiri ndani ya udongo mkavu kwa miezi, ukuaji wake ukiwa umesimama. Mtaalamu John Wourms, katika maandishi yake ya mwaka 1972 juu ya samaki wa aina hii wa Amerika ya Kusini, alieleza kwamba kiumbe aliye ndani ya yai aweza kusimama katika hatua tatu mbalimbali. Wala mayai yote hayaamki pamoja. Mvua ya kwanza ikiwa ya udanganyifu, yale yaliyowahi huangamia, na yale yaliyochelewa huuhifadhi ukoo. Hii ndiyo bakuli ya kaure ya dimbwi: akiba iliyowekwa kwa siku ya ukame, isipokuwa hapa imewekwa na maumbile.

Ukoo huo uliitwa Nothobranchius na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1868, baada ya safari zake za Msumbiji. Maana ya jina ni “tamvua la uongo”. Mwaka 1893 Georg Pfeffer alimwandika mmoja wao kutoka Unguja, ambaye leo huitwa Nothobranchius guentheri; nakala zake zilikuwa zimekusanywa na Franz Stuhlmann mwaka 1888 na 1889. Wa Kilombero walisubiri zaidi. Ni mwaka 2002, mwaka ule ule wa Ramsar, ambapo Wildekamp, Watters na Sainthouse walimtangaza rasmi Nothobranchius kilomberoensis, samaki aliyepewa jina la mto wenyewe. Basi samaki aliyeishi karibu na mji kwa vizazi visivyohesabika aliingia katika vitabu vya elimu mwanzoni mwa karne ya 21.

Waliomtafuta hawakuwa maprofesa tu. Wengi wa wapenzi wa samaki hawa ni watu wa kazi nyingine wafugao nyumbani. Chama chao cha Marekani kiliundwa mwaka 1961, na cha Ujerumani mwaka 1969. Walipita barabara za Tanzania wakichungulia mashimo yaliyochimbwa udongo wa barabara, ambayo mvua huyageuza madimbwi. Kabla daraja la Kilombero halijafunguliwa mwaka 2018, aliyetoka Ifakara kwenda Mahenge alivuka kwa pantoni, na mwenye kungoja pantoni alipata wasaa wa kutia kimia katika maji ya kando. Samaki waliosafirishwa walizaa huko ughaibuni, na mayai yao yakaendelea kusafiri kwa njia isiyo ya kawaida kwa samaki: ndani ya bahasha, kwa posta, katika mfuko mdogo wenye udongo mnyevu.

Ufugaji wao huipindua ile kanuni ya tangi lisilokauka. Dume mmoja, mwenye rangi kali za nyekundu na buluu, huwekwa na majike kadhaa, ambao ni wa kijivu. Ndani ya tangi huwekwa bakuli lenye mboji au makumbi ya nazi yaliyochemshwa, na humo hutaga. Baada ya juma moja au mawili mfugaji huyatoa makumbi, huyakamua mpaka yabaki na unyevu kidogo tu, huyatia katika mfuko na kuandika juu yake jina, mahali na tarehe. Kisha huyaweka penye joto kwa miezi 2, 3 au zaidi, kwa kadiri ya aina yake. Siku ikifika huyamwagia maji ya baridi kama mvua, na baada ya saa chache viluwiluwi vya samaki huogelea. Baada ya majuma 4 hadi 6 huwa watu wazima. Wakipata maji machafu hushikwa upesi na ugonjwa wa ukungu wa dhahabu juu ya ngozi, na chumvi kidogo ndani ya maji huwasaidia. Mfugaji mwema halichanganyi kamwe dimbwi na dimbwi: samaki wa Ifakara hazalishwi na wa mahali pengine, hata wakifanana, na ndiyo sababu jina la mji huandikwa juu ya kioo.

Maisha yao mafupi yamewapa heshima nyingine. Jamaa yao wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, alielezwa mwaka 2003 kuwa katika tangi aweza kuzeeka na kufa kwa muda wa miezi 3 hivi, na mwaka 2015 makundi mawili ya wanasayansi yalichapisha ramani ya urithi wake. Leo huchunguzwa katika maabara nyingi ili kuujua uzee wa binadamu.

Sasa ndipo lilipo swali la mwisho. Ikiwa samaki wa Kilombero wamo katika vioo vya ughaibuni, wakizaa na kutunzwa, je, wamesalimika? Jibu si jepesi. Upo ushahidi kwamba kioo huhifadhi, lakini hubadilisha anachokihifadhi. Jamii ya furzeri iliyofugwa tangu mwisho wa miaka ya 1960, ikitokana na samaki wachache wa Gonarezhou, imekaribiana sana kwa damu, na maisha yake ni mafupi kuliko ya ndugu zake waliochukuliwa baadaye porini. Mfugaji huchagua dume mwenye rangi nzuri. Dimbwi huchagua yai lenye subira. Vizazi vikipita, chaguo hizo mbili hufika mahali tofauti.

Kwa upande mwingine, dimbwi lenyewe haliko salama. Mtu husema kwamba samaki huhitaji maji, naye husema kweli kwa samaki wote isipokuwa hawa, ambao huhitaji pia maji yaondoke. Shimo likifukiwa kwa ajili ya nyumba, mayai huzikwa milele. Lakini hata likijazwa maji mwaka mzima kwa ajili ya kilimo, ukoo hufa vilevile, kwa kuwa mayai hayapati kiangazi chao na samaki wakubwa hupata njia ya kuingia. Ardhi inayoonekana bure wakati wa jua, nyufa tupu na majani makavu, ndiyo ghala la mwaka ujao. Mkulima wa mpunga hana hatia kwa kutolijua hilo, maana hakuna aliyemwambia.

Wala haifai wema ufanywe kwa pupa. Mwaka 1941 F. L. Vanderplank aliandika katika jarida la tiba la Afrika ya Mashariki kwamba Nothobranchius na samaki wa ukoo wa Barbus ni wenyeji wanaofaa katika vita dhidi ya malaria. Lilikuwa wazo la birika la Lamu likirudi kwa lugha ya daktari. Lakini nchi nyingi zilipendelea kuleta samaki mgeni kutoka Amerika, Gambusia, akawala mbu na kuwala pia watoto wa samaki wenyeji. Kadhalika sato, aliyepelekwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na baadaye katika mabwawa mengi ya Tanzania, huzaana na perege wenyeji na kuipoteza asili yao. Basi mwenye tangi aliyechoka na samaki wake asiwamwage mtoni, hata kwa huruma.

Ifakara si mji usiojua elimu ya viumbe wadogo. Katika miaka ya 1950 Rudolf Geigy wa Basel alifungua hapo maabara ambayo kwa miaka imekua kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, na mbu wa bonde hilo ni miongoni mwa mbu waliochunguzwa sana duniani. Jirani wa mbu huyo, samaki amlaye akiwa kiluwiluwi, hajapata bahati hiyo nyumbani kwake. Tangi moja la lita 60 katika darasa la shule ya Ifakara, lenye samaki wa dimbwi la karibu, waliochukuliwa wachache kwa idhini ya wenye mamlaka, halingegharimu mengi. Wanafunzi wangewaona wakitaga, wangeyakausha makumbi, wangeandika tarehe, na masika yakianza wangeyamwagia maji. Kisha wangetoka nje kulitazama dimbwi lenyewe likifanya kazi ile ile bila mkono wa mtu. Jina la mji wao limeandikwa juu ya vioo vya mbali kwa miaka mingi. Ni haki yao kumjua mwenye jina hilo angali yupo matopeni.